Mjadala: Je, paka wa nyumbani afungiwe ndani wakati ndege wanapolea makinda?

Mleta mada:

Mwaka 2022 katika mji wa Walldorf, kusini-magharibi mwa Ujerumani, ilitolewa amri ambayo hadi leo inanichekesha na kunifikirisha kwa pamoja. Paka wanaofugwa katika sehemu ya kusini ya mji huo walitakiwa wasitoke nje tangu majira ya kuchipua hadi mwisho wa Agosti, na hivyo hivyo kila mwaka hadi 2025, ili kumnusuru kipozamataza mwenye kishungi, ndege aliyekwisha kuadimika pale, ambaye hutaga ardhini na makinda yake hutambaa chini kabla hayajajua kuruka. Mwenye kumwachia paka wake alitishiwa faini ya yuro 500, na paka akimuua ndege huyo, faini ingeweza kufika yuro 50,000. Nimejaribu kuiona kesi hiyo ikisikilizwa: mashahidi wanaapishwa, manyoya yanawekwa mezani, na mtuhumiwa amelala usingizi wa pono juu ya faili la mashtaka.

Hata hivyo naiunga mkono amri hiyo, na sababu yangu ilianzia nyumbani. Ninafuga paka jike mwenye mabaka. Alfajiri moja nilimkuta ameketi kwenye zulia la mlangoni, mkia ameuzungushia miguuni kama mgeni mwenye adabu zake, na mbele yake shomoro ambaye ubawa mmoja ulikuwa bado unatikisika. Alinitazama akingoja shukrani. Hatua tatu nyuma yake bakuli la chakula lilikuwa limejaa, halijaguswa tangu jana yake. Tangu siku hiyo siwezi tena kukubali hoja kwamba paka anayeshibishwa haui. Shibe haimwondolei hamu ya kuvizia, kwa kuwa mwendo wa kiumbe kidogo kinachotapatapa unatosha kumwamsha. Basi nauliza: kwa miezi michache ambayo makinda yako ardhini, kuna dhuluma gani kumfungia mlango?

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Sikumbuki waliposema afungwe. Tusisahau tulivyokutana naye. Ng'ombe tulimkamata na mbwa tukamzoesha, lakini paka alikuja kwa miguu yake mwenyewe akifuata panya waliofuata nafaka zetu, na hakuna aliyemwita. Katika kisiwa cha Kupro limechimbuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo mtu na paka wamezikwa karibu karibu, na kwa kuwa kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, lazima mtu fulani alimvusha bahari kwa chombo. Masharti ya urafiki huo tangu mwanzo yalikuwa kwamba mlango uko wazi.

Tazama Larry, paka wa makazi ya Waziri Mkuu wa Uingereza pale Downing Street. Alipelekwa mwaka 2011 kwa kazi ya kukamata panya, amekwisha kuwaona mawaziri wakuu sita, na sifa yake kubwa zaidi ni kulala. Je, naye afungiwe? Istanbul nako paka wa mitaani ni wa kila mtu: huyu huweka maji, yule hutupa kichwa cha samaki, na jike aitwaye Gli aliishi ndani ya jengo la kale la Hagia Sophia hadi alipokufa mwaka 2020, wageni wakimpiga picha pamoja na nguzo. Ukimfungia paka wa mji kama huo utamkabidhi nani ufunguo?

Mchangiaji wa pili:

Mfano wa Istanbul ni mtamu, ila haujibu swali la makinda. Makadirio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2013 yalisema kwamba paka wa nchi hiyo huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka. Lakini mleta mada naye asishangilie mapema, kwa sababu makadirio hayo hayo yaliwabebesha lawama kubwa paka wasio na mwenyewe, yaani kina shume, ambao hakuna amri itakayowaingiza ndani. Unamfungia mwenye bakuli, unamwacha jambazi.

Mahali napo pana uzito wake. Watu hupenda kusimulia kwamba katika kisiwa cha Stephens, New Zealand, paka mmoja wa mlinzi wa mnara wa taa, aitwaye Tibbles, alimaliza peke yake jamii nzima ya ndege wadogo wasioweza kuruka katika miaka ya 1890. Waliochunguza nyaraka baadaye wameonyesha kwamba paka walikuwa wengi wakizaliana kisiwani, kwa hiyo Tibbles amebebeshwa dhambi ya ukoo mzima. Ndege wenyewe, lakini, hawakurudi. Kisiwani ningefunga mlango mwaka mzima bila kuomba radhi. Katikati ya jiji lenye kunguru na njiwa sioni haraka hiyo.

Mchangiaji wa tatu:

Kengele shingoni inatosha, mambo mengine ni kukuza maneno.

Mleta mada:

Kengele ndiyo iliyoniangusha. Tumelelewa na ile hadithi ya panya waliokosa wa kumfunga paka kengele, na siku zote tumedhani tatizo lao lilikuwa woga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliwafuatilia paka 355 kusini-magharibi mwa Uingereza, wakatoa matokeo mwaka 2021, na kengele haikuonyesha tofauti ya maana. Kilichofaa zaidi ni chakula chenye nyama nyingi kisicho na nafaka, ambacho kilipunguza mawindo yanayoletwa nyumbani kwa asilimia 36, na kucheza na paka dakika tano hadi kumi kila siku, ambako kulipunguza kwa asilimia 25. Kwa hiyo hata yule panya shujaa angejitolea mhanga bure.

Kwa mchangiaji wa pili nakiri kwamba sheria ya mahali pamoja haifai kuwa ya kila mahali. Canberra, mji mkuu wa Australia, imekwenda mbali kuliko ninavyotaka mimi, kwani paka waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2022 hawaruhusiwi kuvuka mipaka ya nyumba ya mwenyewe wakati wowote. Mimi nabaki na msimu wa makinda, pale tu penye ndege aliyebaki kidogo. Na ndugu wa kwanza, kama masharti ya kale yalikuwa mlango wazi, yalikuwa pia ya panya; kipozamataza hakuhudhuria makubaliano.

Tangu wiki mbili zilizopita ninamchezesha yule wangu kila jioni kwa unyoya uliofungwa kwenye kamba. Huinama nyuma ya mguu wa kiti, matako yakatikisika, akaruka. Shomoro hajaletwa tena. Jana ameniletea mjusi asiye na mkia, akauweka mkia wenyewe kando, nao ukawa unarukaruka peke yake. Amri ya Walldorf, nijuavyo, ilikuwa ya kipozamataza tu.