Raga ya vitambaa, raga ya saba au shule ya bweni: ulinganisho kwa wazazi wa Dodoma

Baba Imani, Ilazo

Ndugu wazazi, naomba tulinganishe mambo matatu ambayo tumekuwa tukiyazungumza pembeni ya uwanja kila Jumamosi bila kufikia uamuzi. Nina watoto wawili wanaocheza raga: binti wa miaka 9 na kaka yake wa miaka 14, ambaye yuko kidato cha kwanza. Kikundi chetu ni kidogo, kinaendeshwa na wazazi pamoja na mwalimu mmoja aliyewahi kuucheza mchezo huu, na hadi sasa watoto wote, wakubwa kwa wadogo, wamekuwa wakifundishwa kitu kimoja. Hali hiyo haiwezi kuendelea, kwa sababu mkubwa anachoka na mdogo anaogopa.

Njia ya kwanza ni raga ya vitambaa. Mtoto hufunga mkanda wenye vitambaa viwili, kimoja kila upande wa kiuno. Mpinzani akikichomoa kimoja, mwenye mpira analazimika kutoa pasi, nayo haiendi mbele. Hakuna kuangushana wala kupiga mpira kwa mguu. Nchini Uingereza watoto walio katika makundi ya chini ya miaka 7 na chini ya miaka 8 hucheza hii tu, na kukabana, yaani kumshika mwenye mpira na kumwangusha, huanza katika kundi la chini ya miaka 9.

Njia ya pili ni raga ya wachezaji saba kwa kila upande, yenye kukabana kamili, ile inayochezwa kwenye Olimpiki tangu Rio mwaka 2016. Kipindi kimoja ni dakika 7, na watoto 14 wanatosha kuanzisha mechi, ilhali raga ya kumi na tano ingetutaka tuwe na watoto 30, ambao hatuna. Uwanja wa soka unatosha kabisa.

Njia ya tatu ni kumpeleka kijana bweni mahali ambapo mchezo umeshakita mizizi, yaani Arusha, au kuvuka mpaka hadi Kenya.

Mimi naelekea kwenye saba kwa kijana na vitambaa kwa binti. Mama yao anataka vitambaa kwa wote wawili, na katika nyumba yangu kauli hiyo haipuuzwi. Ninaomba maoni ya waliotangulia.

Mama Tausi, Kisasa

Baba Imani, kwa binti yako sina shaka yoyote. Wangu alianza na vitambaa, na nilichokiona ni kwamba mtoto asiye na hofu ya kuangushwa huinua macho, akatafuta nafasi iliyo wazi na kumpa mwenzake pasi, badala ya kuukumbatia mpira na kukimbia nao hadi mstari wa pembeni. Gharama nayo ni ndogo. Mikanda ya dukani si ya lazima. Fundi cherehani atakata vipande vya kitambaa cha rangi mbili, na mtoto atavichomeka kwenye mpira wa kaptura vikining'inia nje. Msimamieni tu asivifunge fundo wala asivifunike kwa mkono anapokimbia, kwa maana hilo ni kosa na watoto wetu wamelijua mapema kuliko sheria nyingine zote. Njumu za mitumba zinapatikana Sabasaba kwa bei ya kuridhisha. Mpira ndio wa kutafutwa: mdogo anahitaji namba 3 au 4, maana namba 5 ni wa watu wazima na vijana wa kuanzia miaka 15 hivi, na mkono mdogo hauwezi kuutawala.

Kwa kijana wa miaka 14, hata hivyo, vitambaa pekee havitamtosha. Ataacha, na atakwenda kukabana na wenzake mahali pasipo na mwalimu.

Mwalimu wa michezo, Nkuhungu

Nimesoma ulinganisho huu kwa makini na naona kuna jambo moja ambalo hapa Dodoma linatangulia aina ya mchezo, nalo ni ardhi. Mvua zetu huja kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo uwanja unakauka hadi kufikia Agosti majani yanabaki vishina na udongo unakuwa mgumu na wenye changarawe. Wazazi wengi hufikiri ubaya wa ardhi ya namna hiyo ni michubuko ya magoti na viwiko, lakini michubuko hupona. Ubaya wenyewe uko katika ufundi. Mtoto anayekaba sawasawa huinama, hulenga mapaja au kiuno cha mwenye mpira kwa bega, huweka kichwa chake nyuma ya makalio ya mpinzani na kamwe si mbele yake, kisha humfunga kwa mikono miwili na kuanguka pamoja naye. Mtoto anayeiogopa ardhi hataki kuanguka, kwa hiyo hukaba akiwa amesimama wima, hukamata kifuani au shingoni, na hapo ndipo vichwa viwili hugongana. Ardhi ngumu, kwa hiyo, inamfundisha mtoto kukaba juu, na kumwondolea tabia hiyo baadaye ni kazi kubwa. England mwaka 2023 walishusha kimo halali cha kukaba katika raga ya ngazi ya jamii hadi chini ya kidari, yaani usawa wa tumbo kwenda chini, kwa sababu hiyohiyo ya kuvitenganisha vichwa.

Ndiyo maana mimi sichagui kati ya vitambaa na saba, bali nagawa mwaka. Kuanzia Januari hadi Aprili, udongo ukiwa laini, wakubwa wanajifunza kukabana. Miezi iliyobaki kila mtu anacheza kwa vitambaa, wakubwa wakiwa na uwanja mpana zaidi na kasi zaidi. Kipimo changu ni cha kienyeji: nachukua ufunguo wa nyumba, naukandamiza ardhini kwa kidole gumba, na usipozama siku hiyo hakuna kukabana, hata kama mzazi fulani amesafiri kutoka Chamwino kuja kumwangalia mwanawe.

Naongeza jambo moja kuhusu saba, kwa kuwa naona inachukuliwa kama raga nyepesi. Idadi ya kugongana ni ndogo, hilo ni kweli, lakini wachezaji 14 wanaenea katika uwanja uleule wa watu 30, hivyo wanapokutana wamekwisha kupata mwendo. Kijana aliyechoka dakika ya sita, akiwa peke yake mbele ya mkimbiaji, ndiye anayenyoosha mkono juu na kumkamata shingoni. Pumzi ni sehemu ya usalama katika mchezo huo.

Mzee wa Makulu

Kwa heshima zote, kwa nini watoto wasicheze soka, ambayo ina viwanja, makocha na mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA?

Mama Tausi, Kisasa

Mzee wangu, shikamoo. Wanacheza soka pia, tena siku za katikati ya wiki. Raga inampa nafasi mtoto mnene na mzito ambaye kwenye soka huwekwa golini au benchi, na ukimwona siku ya kwanza anapofunga trai, yaani anapoutua mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, utaelewa kwa nini mama yake anaamka saa 11 alfajiri. Tuendelee na mada.

Muuguzi, Chang'ombe

Naandika kuhusu kichwa tu, kwa kuwa mengine yamesemwa vizuri. Mtikisiko wa ubongo haumtaki mtoto azimie. Wengi wanaoupata hawazimii hata kidogo. Angalieni mtoto anayejibu taratibu kuliko kawaida, anayeuliza matokeo ambayo ameyashuhudia mwenyewe, anayelalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kuchukizwa na mwanga. Huyo anatoka uwanjani palepale na harudi siku hiyo, hata akidai yuko sawa, na watadai daima. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unataka mchezaji asirudi kwenye mazoezi ya kugongana kabla hajamaliza siku 14 bila dalili yoyote anapopumzika, na asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21 kupita. Mimi nauona unafaa hapa bila kupunguzwa hata siku moja. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akizidiwa na usingizi usio wa kawaida au akisema shingo inauma, hiyo ni dharura, na mwenye maumivu ya shingo asiinuliwe na wazazi wenye huruma kabla ya mhudumu wa afya kufika. Kikundi chenu kiwe kimeamua kabla ya mazoezi ni gari la nani litakalotumika, na kama mnakwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa.

Ile kofia laini ambayo baadhi ya wazazi wanaiagiza kwa bei kubwa huzuia mikwaruzo na kulinda masikio, lakini haizuii mtikisiko wa ubongo. Afadhali fedha hiyo iende kwenye kinga ya meno, ile inayolainishwa kwa maji ya moto na kung'atwa ili ifuate umbo la meno, na ibadilishwe kadiri mtoto anavyoota meno mapya.

Liko jambo jingine lisilogharimu chochote. Shirikisho la Raga la Dunia lina mpango wa mazoezi ya maandalizi uitwao Activate, yanayochukua takriban dakika 20 na kuhusisha mizani ya mwili, kutua baada ya kuruka na kuimarisha shingo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bath uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa katika shule za wavulana wa miaka 14 hadi 18, ulionyesha kuwa timu zilizoyafanya angalau mara tatu kwa wiki zilipata mitikisiko ya ubongo pungufu kwa asilimia 59. Mara tatu kwa wiki maana yake ni kwamba Jumamosi peke yake haitoshi. Kijana ayafanye nyumbani pia.

Mzazi wa Kondoa

Mimi nina uzoefu wa njia ya tatu. Kijana wangu yuko bweni Arusha, na kuhusu mchezo wenyewe sina lalamiko: ana wenzake wa umri wake, ana mechi, ana kocha wa kudumu. Kenya ni zaidi ya hapo, kwa sababu shule za sekondari kule zimezoea kucheza raga ya kumi na tano muhula wa kwanza na ya saba muhula wa pili, na nchi iliyoifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya raga ya saba ya Singapore mwaka 2016 haikuibuka kutoka hewani. Hata hivyo, mzazi anayefikiria Kenya akumbuke kwamba anabadilisha mtaala na mitihani ya taifa, na kwamba kurudi nyuma katikati ya njia ni kugumu.

Kinachonikosesha usingizi ni kutokuwepo. Haya anayoyaeleza muuguzi, nani atayatekeleza nikiwa mbali? Mwanangu aliwahi kugongwa kichwa, nami nikapata habari likizo ilipofika, yeye akiwa amekwisha kurudi uwanjani. Tangu hapo niliuandikia uongozi barua kwamba nipigiwe simu siku ileile, na nashauri kila mzazi aiwasilishe barua kama hiyo pamoja na fomu za kujiunga. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza ambaye ndiyo kwanza ameupenda mchezo, ningesubiri hadi kidato cha tatu au cha tano.

Mama Tausi, Kisasa

Nakubaliana na mzazi wa Kondoa, tena siku hizi ipo njia ya kati. Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya Dar es Salaam imekuwa chini ya saa nne, kwa hiyo kikundi cha watoto kinaweza kwenda kucheza mechi za kirafiki na kurudi bila mtoto yeyote kuhama nyumbani. Tuchange nauli mara chache kwa mwaka kuliko kulipa ada ya bweni mwaka mzima.

Baba Imani, Ilazo

Nashukuru sana. Suala la bweni naliweka kando kwa sasa, na mgawanyo wa mwaka wa Mwalimu nimeusoma kwa sauti mbele ya mama watoto, akaukubali kwa sharti la ule ufunguo. Nabaki na maswali mawili. Je, kijana akae miezi minane bila kukaba kabisa, kisha Januari aanze upya kama mgeni? Na katika kikundi chetu wapo vijana wa miaka 14 wenye miili ya watu wazima na wengine ambao bado ni watoto; tuwapange kwa umri au kwa uzito?

Mwalimu wa michezo, Nkuhungu

Kwa mazoezi ya kukaba wapangeni kwa uzito na kimo, wawili wawili, na mabadiliko hayo myafanye kila muhula kwa kuwa vijana wa umri huo hurefuka ghafla. Kwa mechi fuateni umri, ila mwalimu awe na mamlaka ya kumshusha au kumpandisha mtoto bila mzazi kununa.

Kuhusu kiangazi, tumieni korongo. Makorongo yetu yakikauka huacha mchanga mwingi na laini kuliko uwanja wowote wa mji huu. Vijana waanze wakiwa wamepiga magoti wote wawili, kisha mkabaji apige magoti na mwenye mpira atembee, na baadaye wote watembee. Kukimbia kusiwepo, kwani mguu unaozama mchangani huku mwili unasukumwa huumiza goti. Magunia yaliyojazwa pumba yanafaa kwa zoezi la bega. Kabla ya yote pitisheni reki, maana chini ya mchanga huo kuna miiba na chupa zilizovunjika, na msiende kabisa siku ambayo wingu limeonekana upande wa juu wa korongo. Saa 1 asubuhi hadi saa 2 na nusu inatosha, kabla jua halijawa kali.

Baba Imani, Ilazo

Magunia ninayo na pumba nitazichukua mashineni Ijumaa jioni. Ninaomba wazazi wawili wenye reki wafike mapema kidogo, saa 12 na nusu, na muuguzi, kama zamu yako itakuruhusu, tungefurahi uje uwaeleze wazazi waliobaki habari ya zile siku 21, kwa kuwa wapo ambao hawatanisikiliza mimi.

Muuguzi, Chang'ombe

Usiku wa kuamkia Jumamosi hii niko zamu, hivyo nitapita nikitoka kazini. Waambieni wanisubiri kabla ya mazoezi kuanza, si baada yake.