Mashindano ya gemu za mbio: gia za otomatiki ziruhusiwe au zipigwe marufuku?

MTOA MADA

Wakuu, habari za jioni. Naleta hili hapa kwa sababu limetugawa kwenye kikundi chetu, na naamini linamhusu kila anayecheza gemu za mbio za magari, awe anatumia pedi, kibodi au usukani.

Sisi ni vijana kumi na wawili hapa Dar. Kila Jumamosi tunakodi chumba, tuna mashine mbili zenye usukani na pedali tatu, na tunashindana kwenye gemu ya rally ya EA Sports WRC, ile iliyotoka 2023 yenye barabara za Safari Rally ya Kenya. Mwezi uliopita likaja pendekezo kwamba kuanzia msimu ujao asiruhusiwe mtu kutumia gia za otomatiki. Nusu wakakubali, nusu wakasema wanajitoa. Mimi niko upande wa marufuku. Nitaeleza sababu, nanyi mnipinge mnapoona nimekosea.

Otomatiki ya gemu inasikiliza mizunguko ya injini, basi. Mizunguko ikipanda inaongeza gia, ikishuka inapunguza. Haioni kona. Haimsikii msoma ramani anapokutajia kona kali ya kulia nyuma ya kilima. Wewe umeshajua utahitaji gia ya pili ukifika pale, yenyewe bado iko kwenye ya nne inasubiri mwendo ushuke.

Niwape tukio moja. Kuna kijana kwetu ambaye kwa wepesi wa macho na mikono hakuna anayemfikia, na anatumia otomatiki. Tulikuwa kwenye vumbi la Naivasha, kona ndefu ya kushoto inayopanda. Aliingia vizuri kabisa: gari limelala upande, tairi za nyuma zinachimba, gia ya pili. Katikati ya kona mizunguko ikafika kileleni, otomatiki ikaingiza ya tatu. Nguvu ilikatika kidogo tu, lakini kwenye mchanga hicho kidogo kinatosha. Pua ya gari ikanyooka, akatoka kulia na kugonga jiwe. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu alitupwa palepale. Nikamwambia aweke manuali, yaani abadili gia mwenyewe, ashike ya pili na asiiguse mpaka aone barabara imenyooka. Injini ikapiga kelele kwenye kikomo kwa muda mfupi, gari likapita. Usukani na mafuta alivishika vilevile kama mwanzo.

Hapo ni kwenye kupandisha. Kwenye kupangua, yaani kushusha gia, ndiko kuna elimu zaidi, na ndiko wanaohamia manuali wanakoumia. Mtu akiona kona anabonyeza mara tatu mfululizo, ya tano hadi ya pili, halafu analalamika gari limezunguka. Tuchukue hesabu nyepesi. Tuseme gia ya tatu ina uwiano wa 1.4 na ya nne 1.0, yaani kwa mwendo uleule injini inazunguka mara 1.4 zaidi kwenye ya tatu, na kikomo cha injini ni mizunguko 7,200 kwa dakika. Ukiwa ya nne kwenye mizunguko 5,000 ukapangua, ya tatu itakupokea kwenye 7,000. Inavumilika. Ukipangua ukiwa 5,500, inakupokea kwenye 7,700, umeshavuka kikomo, na tairi zinazovutwa na injini zinafunga ghafla wakati uzito wote umehamia mbele. Kwa hiyo breki inatangulia, gia inafuata, moja baada ya nyingine kadiri mwendo unavyoshuka, na ya mwisho inaingia kabla hujakata usukani. Kwenye magari ya zamani yenye gia za mkono kuna kazi ya ziada: kidole gumba cha mguu wa kulia kinakanyaga breki huku upande wa mguu au kisigino ukigusa mafuta, ili injini ipande kuifikia kasi ya gia inayoingia. Kwenye gemu ya Assetto Corsa, ukiwasha uharibifu wa mitambo na kupangua kwa pupa, injini unaiua.

Wanaosema haya ni mambo ya gemu tu wakumbuke kwamba Formula 1 nayo imepita hapa. Mwaka 1989 Ferrari walileta gari ambalo dereva wao Nigel Mansell alibadili gia kwa vibonyezo vya nyuma ya usukani, akashinda nalo Brazil katika mbio ya kwanza ya gari hilo. Mkono uliachana na mkongojo wa gia, lakini uamuzi ulibaki kwa dereva. Baadaye, kati ya 2001 na 2003, gia za kujibadili zenyewe ziliruhusiwa kabisa. Msimu wa 2004 zikapigwa marufuku. Na kwenye rally, magari ya Rally1, daraja la juu la ubingwa wa dunia, yaliyoanza 2022 yana gia tano tu, na dereva anazivuta kwa mkono. Tekinolojia ya kumwondolea dereva kazi hii ipo na inajulikana. Wameikataa kwa sababu wanataka kupima dereva.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA PILI

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na sikubaliani nawe.

Mimi nacheza kwa pedi, nyumbani, televisheni moja na wadogo zangu wanasubiri zamu. Ninyi mna usukani na pedali tatu. Mkishaweka kanuni hii, kesho mtasema na klachi iwe lazima, keshokutwa mkongojo. Kila kanuni ya namna hiyo inapunguza watu mlangoni. Anayeanza ana kona, breki, njia na sauti ya msoma ramani, vyote vinamwingia kwa mpigo. Ukimwongezea gia siku ya kwanza, haji siku ya pili. Nimeona hilo kwa mdogo wangu mwenyewe.

La pili, hiyo manuali mnayoitukuza si ya kweli kihivyo. Kwenye gemu za Forza, manuali yenye klachi inabadili gia haraka kuliko manuali ya kawaida, hata kama klachi yenyewe ni kitufe. Wachezaji wamejifunza kubonyeza vidole viwili kwa pamoja wakiwa wamekanyaga mafuta mpaka chini. Gari gani la mtaani linabadilishwa gia hivyo? Kwa hiyo mtakuwa mnapima nani anajua siri za gemu, halafu mnaita udereva.

MCHANGIAJI WA TATU

Wadogo zangu, mimi si mchezaji. Ni dereva wa lori, njia ya Tunduma, miaka mingi sasa. Kijana wangu ana Euro Truck Simulator 2 kwenye kompyuta na huwa nakaa naye.

Nimpe mtoa mada haki yake kwenye jambo moja. Mlima Kitonga ukiwa unatoka Iringa kushuka kuelekea Ruaha Mbuyuni, gia unaichagua juu, kabla gari halijaanza kuteremka. Ukishaingia na gia nyepesi, yaani ya juu, huku una mzigo, huna pa kurekebisha. Ukikanyaga klachi utafute nzito, gari linakimbia, gia inakataa kuingia, umebaki frii na breki peke yake. Utasikia harufu kwanza, kama kitu kinaungua mbali. Ukigeuza macho kwenye kioo unaona moshi unatoka kwenye tairi za trela. Nimeiona hiyo kwa mwenzangu aliyekuwa mbele yangu. Mungu alimsaidia akalibana gari kwenye ukingo wa mlima.

Kijana wangu nilimkuta anateremka mlima kwenye gemu na otomatiki, anabana breki mwanzo mwisho. Nikamwambia atoe hiyo otomatiki. Sitaki azoee kwamba kuna mtu mwingine anayefikiria gia kwa niaba yake. Ila kwa vibonyezo ninyi mnajidanganya. Gia ni mguu wa kushoto na mkono. Bila klachi hamjabadili gia, mmebonyeza.

MCHANGIAJI WA NNE

Mimi mkono wangu wa kushoto haufanyi kazi tangu utotoni. Nacheza kwa pedi niliyopanga vitufe vyangu mwenyewe. Usukani, mafuta, breki na breki ya mkono nimevimudu vyote kwa mkono mmoja. Gia nimejaribu, nikaishia kuachia usukani kila ninapopangua. Nashindana na natimiza muda mzuri tu. Kanuni yenu ikipita, nakaa wapi?

MTOA MADA

Nianze na wewe wa nne, kwa sababu swali lako limenikalisha chini. Nilipoandika sikukufikiria, na nilipaswa kukufikiria. Nitapeleka kwenye kikundi kwamba mwenye ulemavu wa kiungo atumie otomatiki bila kuomba ruhusa kila wiki na bila kuongezewa sekunde za adhabu. Kukuongezea sekunde itakuwa dhuluma, maana otomatiki yenyewe tayari inakurudisha nyuma kila kona, na bado unatimiza muda. Hilo silijadili tena.

Mkuu wa pili, kwenye Forza umesema kweli. Ila hicho ni kilema cha gemu moja, na dawa yake ni kanuni ya gemu hiyo: wote na klachi au wote bila klachi. Kuhusu usukani umenielewa vibaya, nami sikuliweka wazi. Sidai klachi wala mkongojo. Pedi ina vitufe vya kutosha, kimoja cha kupandisha na kimoja cha kupangua. Ninachodai ni uamuzi uwe wa mchezaji. Kijana niliyemtaja alibadilishiwa kitu kimoja tu, na kona iliyomtupa mara tatu ikampisha.

Kuhusu anayeanza, nakubali siku ya kwanza acheze otomatiki. Mwezi wa kwanza wote, sawa. Baada ya hapo tumpe gari dogo lisilo na nguvu nyingi na barabara moja anayoijua. Tumfunike mizunguko kwenye skrini, abadili kwa kusikiliza mlio. Kabla ya kila kona aitaje gia kwa sauti, "ya tatu", "ya pili", halafu ndipo apangue. Nimewafundisha wawili hivyo. Wiki ya kwanza walikuwa wazito kuliko walivyokuwa na otomatiki, na mmoja alikaribia kuacha. Wiki ya tatu wote wawili walikuwa wameshapita muda wao wa zamani, na mdomo ulishaacha kutaja, mkono unajua wenyewe. Mdogo wako mlete Jumamosi tuanze naye.

Mzee wangu wa tatu, shikamoo. Habari ya Kitonga nimeisoma mara mbili. Kwa gari lenye klachi siwezi kukubishia, na kwenye Euro Truck kijana wako afanye unavyomwelekeza. Ila gari la rally la leo, likishaondoka, dereva hagusi klachi kila gia. Anavuta mkongojo na gia inaingia. Kwa hiyo kibonyezo kwenye gari hilo hakiko mbali na ukweli kama unavyoona. Na ulichotueleza kuhusu kuchagua gia juu ya mlima, kabla ya kuteremka, ndicho hasa ninachotaka mchezaji ajifunze.

Wa nne, naomba unieleze kitu kimoja. Ukiwa unapangua, ni kidole gani kinachoachia usukani? Mashine zetu zina pedali tatu na ya klachi haitumiki. Nadhani inawezekana kuipangia kazi ya kupangua gia ili mguu wa kushoto uifanye, na kupandisha ukakuachia kidole kimoja. Sijaijaribu. Kama uko Dar, Jumamosi saa nane mchana tuijaribu pamoja kabla wengine hawajafika.