Ryzen 5 5600X kwa kazi ya video: kupandisha kasi kwa mkono, PBO na Curve Optimizer, au kuiacha ilivyo?

MwanaNjiro (Arusha)

Habari za wakati huu wakuu. Nina kompyuta ya mezani yenye prosesa ya AMD Ryzen 5 5600X, mazabodi ya B550, RAM ya gigabaiti 32 na kipoozeo cha mnara chenye feni moja ya milimita 120, ambacho nilikifunga baada ya kuchoshwa na kelele za kile kidogo kilichokuja ndani ya boksi. Kazi yangu ni kuhariri video za wageni wanaokwenda mbugani. Mchana nakata na kupanga vipande, na usiku naiacha mashine ikirenda (kutengeneza video kamili) peke yake hadi asubuhi.

Ninalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni kufunga viini (cores) vyote sita vya prosesa kwenye kasi moja, tuseme gigahezi 4.6, kwa volteji niliyoiweka mwenyewe. Ya pili ni kuwasha PBO (Precision Boost Overdrive) pamoja na Curve Optimizer, vipengele vya AMD vya kupandisha kasi, na kuiacha prosesa ijipandishe yenyewe. Ya tatu ni kutogusa kitu. Naomba maoni ya waliozitumia, na hasa naomba kuelezwa namna ya kupima mpaka mtu awe na uhakika wa kuiacha mashine usiku na kazi ya mteja ndani yake.

FundiSakina (Arusha)

Mkuu, njia ya kwanza ingekuwa jibu zuri kama ungekuwa na prosesa ya kizazi cha nyuma. Mimi natumia Core i5-8600K kwenye mazabodi ya Z370, na kwa prosesa hiyo kupandisha kwa mkono kunalipa kweli: kwa mpangilio wa kiwandani, viini vyote sita vikifanya kazi kwa pamoja huishia gigahezi 4.1, nami nimeweka kizidishi cha 48, yaani gigahezi 4.8, ambalo ni ongezeko la asilimia 17 linaloonekana kwa macho kwenye muda wa kurenda.

Lakini gharama yake iko kwenye joto. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, ila kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Ukitoka volti 1.15 kwenda 1.30, na kasi ikatoka 4.1 kwenda 4.8, piga hesabu mwenyewe: mzigo wa umeme umeongezeka kwa karibu nusu, na wote huo unageuka joto ambalo kipoozeo lazima kiliondoe. Ndiyo maana megahezi 100 za mwisho huwa ghali kuliko zote zilizotangulia.

Kwa 5600X yako, kiwanda kimekwisha kuchuma sehemu kubwa ya faida hiyo. Kiini kimoja kikiwa peke yake hufika gigahezi 4.6 na ushee, na viini vyote vikiwa na mzigo mzito huzunguka 4.4 au 4.5 kwa sababu prosesa imewekewa kikomo cha wati 76. Ukiifunga viini vyote kwenye 4.6 utapata nyongeza ndogo wakati wa kurenda, na prosesa itakaa kwenye volteji ya juu bila kujali kazi ni nyepesi au nzito. Ukishindwa kufika 4.6 ukaridhika na 4.5, utakuwa umejinyima hata ile kasi ya kiini kimoja uliyopewa bure, na kazi ya kukata na kupanga vipande huitegemea sana. Kwa hiyo mimi naiondoa njia ya kwanza kwenye mjadala.

DadaRau (Moshi)

Nakubaliana na Fundi. Njia ya pili ndiyo niliyoichagua kwa prosesa hiyo hiyo, na nieleze inavyofanya kazi, kwa kuwa wengi huiwasha bila kuielewa.

PBO peke yake hulegeza vikomo vya umeme. Curve Optimizer ndiyo yenye faida zaidi: unaiambia prosesa itumie volteji pungufu kwa kila ngazi ya kasi, na kwa kuwa inapata joto dogo, inajipandisha zaidi ndani ya kikomo kile kile. Hatua moja ni takriban milivolti 3 hadi 5, na unaweza kwenda mpaka hasi 30. Usiweke hasi 30 kwa viini vyote kwa sababu tu umeona mtu kwenye video amefanya hivyo. Kila kiini kina uvumilivu wake, na mara nyingi vile viini bora, ambavyo programu ya AMD ya Ryzen Master huviwekea alama, ndivyo visivyovumilia kupunguzwa sana, kwa kuwa vimekwisha kupangiwa kasi kubwa zaidi.

Jambo jingine, AMD wanasema wazi kwamba uharibifu unaotokana na kupita viwango vyao hauhusiki na udhamini, na PBO imo humo.

MwanaNjiro (Arusha)

Asante sana dada, na asante Fundi. Nimejaribu hasi 25 kwa viini vyote na kikomo cha wati 110. Programu ya kupima kasi ya Cinebench R23 imepita dakika zake 10 bila tatizo na joto halikuzidi nyuzi 74, alama pia zimepanda. Lakini jioni yake, nikiwa nasoma barua pepe tu, mashine ilijiwasha upya yenyewe, bila hata skrini ya bluu. Inawezekanaje mashine ivumilie mzigo mzito kisha ishindwe na barua pepe?

DadaRau (Moshi)

Hilo ndilo swali lenyewe, na ndipo upimaji wa Curve Optimizer unapotofautiana na ule wa kupandisha kwa mkono. Kupima kwa Cinebench peke yake ni sawa na kulisifu gari kwa sababu limepanda mlima vizuri, wakati ugonjwa wake ni kuzima kwenye foleni.

Viini vyote vikiwa na mzigo, kikomo cha umeme huishusha kasi hadi 4.5 au 4.6, na kwenye kasi hiyo volteji uliyoipunguza bado inatosha. Ukiwa unasoma barua pepe, kiini kimoja huamka ghafla, hurukia gigahezi 4.6 au zaidi kwa muda mfupi sana, kisha hulala tena. Ni kwenye mruko huo ndipo volteji pungufu humwangusha mtu. Joto halina hatia hapa, na ndiyo maana nyuzi 74 hazikukuonya.

Fungua Event Viewer ya Windows, ingia kwenye kumbukumbu za System, utafute chanzo kinachoitwa WHEA-Logger, kinachoandika makosa ya vifaa. Ukikuta tukio namba 18 kwenye saa ile mashine ilipojiwasha, lifungue usome APIC ID iliyoandikwa humo. Hiyo hukusaidia kujua kiini kilichokosea. Namba hiyo ni ya uzi wa kazi (thread), na prosesa yako ina nyuzi hizo mbili kwa kila kiini, kwa hiyo kwa kawaida 0 na 1 ni za kiini cha kwanza, 2 na 3 za cha pili, na kuendelea hivyo.

Kisha tumia CoreCycler. Ni skripti inayoendesha Prime95 (programu ya kuijaribu prosesa kwa hesabu nzito) kwenye kiini kimoja kwa zamu, nayo unaiweka kwenye hali ya SSE badala ya AVX, ambazo ni aina mbili za maagizo ya hesabu. Watu hushangaa kwa nini nipendekeze mzigo mwepesi zaidi, na sababu ni hiyo hiyo: AVX hula umeme mwingi na kuishusha kasi, wakati SSE hukiacha kiini kifike kilele chake, mahali penye hatari. Kiini kikikosea, skripti hukitaja na kuendelea na kingine. Unakipunguzia hatua mbili au tatu, kwa mfano kutoka hasi 25 hadi hasi 22, kisha unarudia. Iache usiku kucha, kwa sababu kosa jingine hutokea baada ya saa kadhaa.

Hayo yakipita, rudi kwenye mzigo wa viini vyote: Prime95 ya Small FFTs kwa ajili ya joto la juu kabisa, na OCCT au y-cruncher kwa aina tofauti za hesabu. Usitazame tu kama mashine imewaka. Tazama dirisha la Prime95. Mfanyakazi mmoja (worker, sehemu ya programu inayofanya hesabu) akiandika «FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4» na kusimama, wengine wataendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na mtu aliyekwenda kunywa chai atarudi akidhani kila kitu ni shwari. Kosa moja la namna hiyo linatosha kuukataa mpangilio wote, kwani hesabu iliyokosewa kwenye Prime95 ndiyo fremu iliyoharibika kwenye video ya mteja.

Kabla ya yote hayo, thibitisha RAM yako kwa MemTest86. RAM yenye XMP (kasi ya juu iliyopangwa tayari) isiyotulia hutoa dalili zile zile, nawe utabaki unaisumbua prosesa isiyo na kosa.

KijanaWaPasua (Moshi)

Naongezea kuhusu namba za joto, maana hapa jukwaani watu wa Arusha na sisi wa Moshi hulinganisha visivyolinganika. Nyuzi 74 alizotaja MwanaNjiro hazina maana mpaka aseme chumba kilikuwa na nyuzi ngapi. Kama kilikuwa na 22, kipoozeo chake kinaiacha prosesa nyuzi 52 juu ya hewa ya chumbani. Mpangilio huo huo ukiuleta Moshi mchana wa Februari, chumba kikiwa na 32, tegemea kama 84. Haitakuwa hivyo kamili, kwa kuwa PBO hupunguza kasi kidogo kadiri joto linavyopanda, lakini ndiyo hesabu ya kuanzia.

Kwa hiyo weka kipimajoto karibu na tundu la kuingizia hewa la kasha, uandike namba mbili kila mara. Na anayepima mwezi wa saba wakati wa baridi ajiachie nafasi ya kiangazi. Kikomo cha 5600X ni nyuzi 95; mimi kwenye BIOS (mipangilio ya mazabodi) nimekishusha hadi 85, ili siku ya joto kali ipungue kasi yenyewe badala ya kuchemka.

MzeeWaKaloleni (Arusha)

Vijana mmesema vizuri, ila mmesahau mambo mawili ya hapa kwetu. La kwanza ni mwinuko. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya Dar es Salaam. Feni ikizunguka kwa mwendo ule ule inasukuma ujazo ule ule, lakini hewa yenyewe inabeba joto pungufu. Ubaridi wetu unafidia, kwa hiyo hatulalamiki, lakini majedwali ya vipoozeo yaliyopimwa pwani ya nchi za watu msiyachukue kama yalivyo.

La pili ni vumbi, na hili ni kubwa kuliko mwinuko. Fungueni kasha mmulike tochi kati ya mapezi ya kipoozeo, upande wa feni: mtakuta utando mwekundu ulioziba kama blanketi jembamba, na hautaonekana mpaka feni itolewe. Pulizeni kwa blowa mkiwa mmezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana yakizungushwa kwa nguvu ya upepo huo beringi huumia.

Sasa kuhusu njia ya tatu, ambayo mmeipita haraka mno. MwanaNjiro, umekwisha kuangalia kama programu yako ya kuhariri inarenda kwa kadi ya picha? Kadi nyingi za leo zina sehemu maalumu ya kusimba (encode) video za H.264, na kuiwasha kunaweza kukuokolea muda kuliko PBO na kila kitu mlichoandika hapa. Mimi mashine ya kazini nimeiacha ilivyo, tena nimeiwekea Eco Mode (hali ya kula umeme kidogo), na kinachonifurahisha ni kwamba UPS inanivumilia zaidi umeme ukikatika.

FundiSakina (Arusha)

Shikamoo mzee. Hoja ya UPS ina uzito. UPS nyingi za 650VA hubeba chini ya wati 400, na anayeongeza mzigo wa prosesa juu ya kadi ya picha anaweza kuizidi bila kujua, halafu akailaumu Curve Optimizer wakati UPS ndiyo iliyokata. Ni vyema kupima prosesa na kadi ya picha kwa pamoja ukiwa kwenye UPS, angalau kwa dakika chache.

MwanaNjiro (Arusha)

Marahaba kwa niaba ya mzee, naona ametoka. Nimekuta WHEA-Logger namba 18 yenye APIC ID 4, yaani kiini cha tatu, na ndicho kimojawapo cha vile vyenye alama. Nimekiweka hasi 12, kile kingine chenye alama hasi 15, na vinne vilivyobaki hasi 22. CoreCycler imekwenda usiku mzima bila kosa, na Small FFTs imeishia nyuzi 79 chumba kikiwa na 23. Kikomo cha umeme nimekirudisha hadi wati 95, kwa sababu kati yake na 110 tofauti ya muda wa kurenda ilikuwa ndogo na feni ilikuwa inapiga kelele.

Usimbaji wa kadi ya picha nimeuwasha pia kwa video za kutuma WhatsApp na Instagram, na mzee alikuwa sahihi kuhusu muda. Kwa kazi za mwisho za mteja bado nabaki na prosesa, kwa kuwa naona ubora wake ni mzuri zaidi kwa ukubwa ule ule wa faili. Swali moja limebaki: nikisasisha BIOS, mpangilio huu unabaki?

DadaRau (Moshi)

Haubaki. Mara nyingi kusasisha BIOS hufuta mpangilio wote, na hata profaili zilizohifadhiwa ndani yake huenda zisikubalike kwenye toleo jipya. Piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu, au uhifadhi kwenye fleshi kwa kitufe cha F12 kama mazabodi yako inaruhusu, kisha baada ya kusasisha uandike upya kwa mkono na uendeshe CoreCycler tena, kwa sababu toleo jipya huweza kubadilisha namna volteji inavyotolewa. Na usisasishe bila UPS.