Naomba ushauri: W123 nyeupe, nataka kuipiga bluu

Wakuu habari zenu. Nina Mercedes W123 ya 1982. Injini haina tatizo, ila rangi imechoka: boneti imepauka na chini ya milango kutu imeanza kutoa malengelenge. Kupiga rangi upya hakukwepeki.

Ilitoka kiwandani nyeupe. Kibati cha mbele karibu na rejeta kinasomeka 737, ambayo ni namba ya rangi hiyo nyeupe. Mimi roho yangu iko kwenye bluu iliyokoza, namba 904, ambayo W123 nyingine zilitoka nayo kiwandani. Kwa hiyo si rangi ya kubuni, ila si ya gari hili.

Nimeongea na mafundi wawili. Wa kwanza anasema tupige nje tu. Wa pili anasema ukifungua mlango au buti ukakuta weupe, mnunuzi anajua hapohapo, kwa hiyo tung'oe milango, vioo, mpira na hata injini. Kazi hiyo ni kubwa mno, na nikishaifanya hakuna kurudi nyuma. Nilikwangua kidogo kwa msasa ndani ya kifuniko cha mafuta: nyeupe tupu, hakuna puti. Hilo ndilo linanitia wasiwasi, maana naona ni rangi yake ya kuzaliwa.

Huenda nikaliuza baada ya miaka michache. Waliowahi kuuza: rangi ya kiwandani ya enzi hizo, ila isiyolingana na kibati, inashusha bei kiasi cha kujutia? Na nikiamua bluu, kuna maana yoyote kupiga nje peke yake?