Likizo fupi ya mwezi wa 9 hapa Mtwara, watoto tuwapeleke wapi wacheze na wajifunze?

MamaWatatu_Chuno
Habari zenu jamani. Nna watoto watatu, miaka 11, 8 na 5, wanafunga shule wiki moja na sitaki wiki nzima iishie kwenye tivii na simu yangu. Mdogo wangu anaishi Uingereza, mwaka jana mwezi wa 10 kanitumia picha wanawe wako shambani wanachagua maboga, wanaokota majani yaliyogeuka mekundu na njano wanabandika kwenye daftari, sasa wangu walivyoziona wakaniuliza mama mbona sisi hatuendagi popote, nikakosa jibu. Gari sina, na hela ya kulala hotelini sina, nataka tutoke asubuhi jioni tuwe nyumbani. Wenzangu mnawapeleka wapi?

mtoto_wa_Mikindani
Dada karibu kwetu Mikindani, ni kama kilomita 10 tu toka mjini, unapanda daladala. Kuna boma la Mjerumani la 1895, siku hizi ni hoteli, ongea nao vizuri mapokezi kabla hujaingia na watoto. Livingstone nae alipita hapa 1866 akienda bara safari yake ya mwisho, ila nakuomba usiishie kwa Mzungu. Waonyeshe zile nyumba za zamani, washike ukuta kwa mkono waone yale ni matumbawe ya baharini na chokaa, halafu wakae barazani na mzee yeyote awaambie majahazi yalikuwa yanabeba nini na watumwa walikuwa wanatoka wapi. Huyo wa miaka 11 atauliza maswali mpaka uchoke.

korosho_ndo_habari
Mama watatu wala usiwaonee wivu wa maboga, sie mwezi wa 9 mwishoni mabibo yanaanza kudondoka, ukisubiri wa 10 na wa 11 ndo chini kumejaa mekundu na njano kuliko hayo majani yao. Tafuta ndugu au jirani mwenye shamba, watoto waokote, wanyonyoe korosho kwenye bibo, waulize kipi kilitangulia kukua. Wengi watakwambia bibo, kumbe korosho ndo inatangulia, bibo linakuja kuvimba baadae, na ukiwahi mapema kwenye mti mmoja unaona hatua zote hizo. Nguo za kuchakaa tafadhali, doa la bibo halitoki. Na huyo wa miaka 5 usimuache aweke korosho mbichi mdomoni, yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi kweli kweli. Kukaanga afanye mtu mzima, watoto wakae mbali na moshi, kazi yao kubangua ikishapoa.

mwl_wa_Lindi
Mimi nafundisha msingi huku Lindi. Watoto wetu wengi hawajui kwamba yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, ambaye mifupa yake imesimamishwa makumbusho ya Berlin katoka Tendaguru, hapa hapa mkoani kwetu. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, na mifupa ilibebwa vichwani na babu zetu, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, hilo linaniuma kila nikilisimulia maana wabebaji hawatajwi. Kwenda Tendaguru kwenyewe na watoto wadogo sikushauri, njia mbaya. Nachofanya mimi nachukua kamba tunaenda ufukweni, tunapima mita 22 za urefu wake, wanamchora mchangani kwa kijiti, halafu nawaambia kichwa kilikuwa juu mita 13, haya tafuteni mnazi unaofika hapo. Wanalala chini kwenye mchoro wanahesabu wanaingia watoto wangapi. Kamba tu hiyo, na hata Mtwara mnaweza.

mke_wa_mvuvi
Mwl umenifurahisha sana. Mimi naongeza bahari yenyewe, ila mwende siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapwa mbali saa nne asubuhi hivi, hapo ndo mnaona viti vya pweza, kaa, majongoo bahari, wanawake wanachokoa pweza. Viatu lazima maana kuna miiba, na maji yakianza kurudi na nyie mrudi, msibishane na bahari. Halafu siku moja sehemu moja jamani. Mwaka juzi nilibeba wangu sehemu tatu siku moja, mdogo akatapika kwenye bajaji, mkubwa hakumbuki hata kimoja alichoona.

MamaWatatu_Chuno
Asanteni sana yaani mmenipa moyo. Nimewasomea watoto hapa, wa miaka 8 keshaanza kutafuta kamba. Basi jumanne bahari na yule mjusi pamoja, maana ufukwe ni ule ule, alhamisi Mikindani. Shamba tutaenda jumamosi moja mwezi wa 10, mama mkubwa ana mikorosho Naliendele. Mke wa mvuvi, hivi wiki hiyo bamvua linaangukia siku gani, nisije nikawatoa na ndoo zao nikakuta maji yamejaa?

mke_wa_mvuvi
Angalia mwezi usiku dada. Ukiuona mzima, kesho yake na keshokutwa toka nao.