Ukoo wa Nyegezi: Kikao cha Jumamosi

*Shangazi Pili, 07:12*
Mwangaluka wapendwa. Mwenye maturubai anataka idadi ya meza kabla ya saa sita. Tuko 97. Kila meza iwe na watu sawasawa, sitaki yale ya mwaka juzi, meza moja sato watatu na nyingine supu tupu.

*Shangazi Pili, 08:40*
Mmesoma watu 31. Kimya.

*Baba Neema, 08:58*
Dada niko Mwaloni nashusha dagaa. Weka meza 7.

*Shangazi Pili, 08:59*
7 mara 13 ni 91. Hao sita wakae juu ya mwembe?

*Mjomba Igoma, 09:03*
Mwembe nauchukua mimi, mradi sato anifikie 😂😂

*Neema, 09:15*
Shikamooni. Shangazi, 97 ni namba tasa. Vigawo vyake ni 1 na 97 tu. Labda meza moja ya wote, au kila mtu na yake.

*Shangazi Pili, 09:16*
Marahaba. Umejaribu zote?

*Neema, 09:21*
Si lazima. Nimejaribu 2, 3, 5 na 7, zote zinabakiza. Vigawo huenda viwili viwili: kimoja kikizidi 10, mwenzake lazima awe chini ya 10, maana 10 mara 10 ni 100, imeshapita. Huko chini hayupo.

*Neema, 09:22*
96 ndiyo nzuri, ina vigawo 12. Meza 12 za watu 8, au 8 za watu 12, au 16 za watu 6.

*Shangazi Pili, 09:24*
Basi tupunguze mmoja.

*Mama Kamanga, 10:20*
Nani? Kama lile basi la Musoma? Nilibaki Buzuruga na sufuria zenu.

*Shangazi Pili, 10:21*
Wifi, hilo tulishaongea.

*Mama Kamanga, 10:21*
Uliongea wewe.

*Mjomba Igoma, 10:25*
Sufuria zilirudi lakini? 😂

*Mama Kamanga, 10:26*
Moja.

*Babu Sengerema, 11:05*
Kwenye mji wangu hapunguzwi mtu. Na Mashaka aitwe. Miaka imetosha.

*Shangazi Pili, 11:31*
Tumesikia, Baba.

*Neema, 11:33*
Shikamoo Babu. 98 ni 2 × 7 × 7. Meza 14 za watu 7.

*Shangazi Pili, 11:34*
Hapo sawa. Nampigia mwenye maturubai.

*Mama Kamanga, 11:40*
Mashaka ana mke na watoto wawili. Nao wabaki Buzuruga?

*Neema, 11:44*
Wakija wote wanne tunakuwa 101. 2, 3, 5, 7, zote zinabakiza. Tasa tena 😩

*Shangazi Pili, 11:45*
Nani ana namba ya simu ya Mashaka?

*Baba Neema, 11:52*
Ninayo ya zamani.

*Shangazi Pili, 11:52*
Ipige sasa hivi!

*Shangazi Pili, 12:10*
Nimeagiza meza 14 na viti vya akiba. Baba Neema, amepokea?

*Mama Ukerewe, 14:36*
Jamani ndiyo naona. Nakuja na wajukuu watatu, mliwahesabu?