Nilienda kijijini kujitolea, nimerudi na furaha mpaka naona kama nimeiba

mtembea_peku (mleta mada)

Habari za leo wakuu, naomba mnisikilize maana hii kitu inanizunguka kichwani wiki ya tatu sasa na kila nikimwelezea mtu wa karibu naona hanielewi.

Likizo iliyopita tulienda watu tisa kujitolea kijijini, wiki mbili, kazi yenyewe ilikuwa kujengea chemchemi. Kwa ambao hawajawahi kuona ni hivi, maji yanatoka yenyewe ardhini ila yakifika juu yanatuama, mifugo inakanyaga humo, watoto wanachota humo humo, majani yanaozea humo. Sasa mnachimba taratibu mpaka mnakutana na jicho lenyewe la maji, mnajaza mawe na kokoto safi, juu mnafunika na udongo wa mfinyanzi ili maji machafu yasipenye, mbele mnajenga ukuta, mnachomeka bomba, basi. Hamna mashine hamna umeme. Jicho liko wapi walijua wao wanakijiji, na mawe mengi walibeba wao, sisi tulikuwa tunasaidiana nao tu na kuchanganya zege. Siku ya pili mikono yangu ikatoka malengelenge, dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akachana kipande cha nguo yake akanifunga, akarudi kwenye mawe bila hata kusubiri nimshukuru.

Sasa siku maji yalipoanza kutoka bombani akaja bibi mmoja na dumu lake na kitambaa. Zamani walikuwa wanachota na kikombe polepole ili tope lisitibuke, alafu wanachuja. Yule bibi akatega dumu, akafunika mdomo wa dumu na kitambaa kama alivyozoea, maji yakapita juu ya kitambaa mpaka likajaa. Akakitoa, akakikunjua, akakiinua juani akakiangalia upande huu, akakigeuza akaangalia upande wa pili. Hamna kitu. Akakikamua akakitupia begani akaondoka, hakusema neno hata moja. Wakuu mi pale nilishindwa kuongea, koo lilikaza, na mpaka leo nikifunga macho nakiona kile kitambaa.

Siku ya kuondoka bibi yule yule akaja na kamba, amesokota mwenyewe, zile za kufungia dumu mgongoni. Akaniwekea mkononi akasema "na wewe mjukuu wangu uwe na ya kubebea". Nikapokea huku naona aibu maana yeye ndo hana na mimi ndo nimekuja kutoa.

Nimerudi nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, nalala vizuri, hata kazini wameniuliza una nini. Rafiki yangu akaniambia "we ulienda kujifurahisha tu, anayetoa kweli harudi na furaha kiasi hicho". Imeniuma. Kwa hiyo naomba kuuliza, hii furaha ni halali au nimejinufaisha na shida za watu? Na ile kamba nilikosea kupokea? Maana nataka kurudi likizo ijayo na sitaki kurudi kwa sababu zisizo sahihi.

---

binti_wa_bondeni

Ndugu yangu mi nimekulia upande wa pili, upande wa kupokea, kwa hiyo ngoja nikwambie tulivyokuwa tunawaona nyie.

Nikiwa darasa la nne walikuja watu wanajitolea wakapaka rangi shule yetu. Rangi nzuri sana. Wakapiga picha na sisi wakaondoka. Ila shule ilikuwa na matundu mawili ya choo kwa watoto wote, na wasichana wakubwa wakiwa kwenye siku zao walikuwa wanabaki nyumbani. Hakuna aliyetuuliza. Nakuhakikishia kabisa wangemuuliza mama yeyote pale getini angewaambia choo kabla hawajamaliza kuuliza. Sisemi walikuwa watu wabaya, walikuwa na furaha kama yako hivyo hivyo, na sisi tuliwaimbia.

Mwaka uliofuata akaja dada mmoja peke yake, alikaa miezi kadhaa, huyo alianza kwa kukaa. Yaani alikuwa anakaa tu na akina mama wakichambua mboga anasikiliza, mpaka tukawa tunajiuliza huyu kaja kufanya nini. Alafu akaanza kutufundisha kutengeneza baiskeli, maana alisikia kwamba watoto wa shule ya mbali wanaacha masomo baiskeli zikiharibika, pancha tu na mnyororo kukatika. Mimi mpaka leo naziba pancha mwenyewe, natafuta tundu kwa kuzamisha tyubu kwenye beseni la maji mapovu yanakuonyesha, nasugua na msasa, gundi inakauka kidogo kwanza ndo unabandika, ukibandika mbichi haikai. Kaka zangu wawili walifungua kazi kutokana na hilo.

Na huyo dada alikuwa anapokea. Ukimpa kitu anapokea kwa mikono miwili anafurahi kweli. Tulimpenda kwa hilo kuliko baiskeli. Kwa sababu mtu anayekupa kila siku na hapokei chochote kutoka kwako anakufanya uwe mdogo, hata kama hakusudii. Bibi yako hakukupa kamba kwa sababu umemdai, kakupa ili mwe sawa. Ungeikataa ungemrudisha chini. Umefanya vizuri kuipokea na tafadhali itumie usiitundike ukutani.

---

jiwe_la_pembeni

Mi nitasema ambalo wengine hawasemi. Watu tisa, nauli kwenda na kurudi, chakula wiki mbili, malazi. Hiyo hela mngeituma kwa fundi wa hapo hapo pamoja na simenti si zingejengwa chemchemi mbili tatu? Furaha yako naiheshimu mkuu na sina nia mbaya ila swali lako la kujinufaisha lina ukweli ndani yake, ungelijibu kwa hesabu kwanza kabla ya moyo.

---

msomaji_kimya

Mleta mada hilo la furaha lilishafanyiwa utafiti, si wewe peke yako. Mwaka 2008 watafiti watatu, Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton, walitoa matokeo kwenye jarida la Science. Waliwapa watu bahasha asubuhi zina dola 5 au dola 20, wengine wakaambiwa watumie kwa ajili yao wenyewe, wengine watumie kwa ajili ya mtu mwingine au watoe sadaka, wote kabla ya jioni. Jioni walipoulizwa, waliotumia kwa wengine ndo walikuwa na furaha zaidi, na iwe 5 au 20 haikubadilisha kitu. Mwaka 2013 Aknin na wenzake wakaangalia data za nchi 136, tajiri na maskini, wakakuta sehemu kubwa ya nchi hizo watu wanaotoa wanaridhika na maisha kuliko wasiotoa. Kwa hiyo huyo rafiki yako anaposema anayetoa kweli harudi na furaha, anasema kinyume na jinsi binadamu alivyo.

Ila kuna jambo lingine kwenye tafiti za namna hii ambalo ndo la muhimu kwako, furaha inakuwa kubwa pale mtu ametoa kwa hiari yake bila kusukumwa na pale anaona kabisa kile alichotoa kimefika na kimesaidia nini. Wewe ulikiona kile kitambaa. Nafikiri ndo maana unalala vizuri.

---

fundi_koki

Nimefanya kazi ya maji vijijini miaka mingi, kwanza nimjibu jiwe_la_pembeni, hoja yako ni ya haki na kuna kazi ambazo kweli ni bora kutuma hela, mfano kuchimba kisima kirefu, pale mtu wa kujitolea hana cha kufanya zaidi ya kusimama. Lakini kujengea chemchemi ni kazi ya mikono mingi, mawe yanabebwa, mfereji unachimbwa, na kijiji kikiona mgeni anabeba jiwe lile lile na wao wanakuja wengi zaidi. Nimeliona hilo mara nyingi kwa hiyo mimi siwezi kulipigia hesabu ya nauli peke yake.

Sasa mtembea_peku. Swali lako la furaha halali mimi nalijibu hivi, subiri mwaka mmoja. Kama maji bado yanatoka na mwenye kuyatunza si wewe, furaha yako ni halali kabisa. Mi nimeona pampu nyingi sana za mkono zimekufa, na siyo kwamba zimeharibika kitu kikubwa, ni raba tu ya ndani imeisha, kitu unachoweka mfukoni, ila hakuna aliyefundishwa kuitoa na hakuna kamati iliyokusanya akiba. Pampu kama Afridev ilitengenezwa makusudi ili mwanakijiji aifungue mwenyewe kwa spana, lakini kama spana imeondoka na wafadhili hiyo faida iko wapi.

Furaha yangu kubwa kwenye hii kazi naikumbuka vizuri. Nilifunga pampu sehemu, nikawafundisha akina mama wawili, mmoja alikuwa anaogopa hata kushika spana. Nikarudi baada ya miaka miwili nikakuta pampu inafanya kazi, nikasema kumbe haijawahi kuharibika. Wakanicheka. Imeharibika mara tatu. Yule aliyekuwa anaogopa akanitolea daftari, kila tarehe kaandika, raba imebadilishwa, nani kachangia, nani hajachangia. Hata jina langu hawakulikumbuka vizuri, wakawa wananiita yule fundi. Wadau nilitoka pale natembea kama nimepewa mshahara wa mwaka.

Kwa hiyo ukirudi usiende kutafuta mradi mpya. Nenda uangalie ule ule. Angalia mfereji wa juu unaokinga maji ya mvua kama umejaa udongo, angalia uzio kama mifugo inaingia, angalia hakuna aliyechimba choo upande wa juu, angalau mita 30 kutoka kwenye maji na zaidi ikiwezekana. Na mliacha mtu anayepima? Unatega dumu la lita 20 unahesabu sekunde mpaka lijae unaandika, kila mwezi. Hicho ndo kipimo cha afya ya chemchemi.

---

nesi_wa_zamu

Nimesoma yote nikaona niandike kidogo kabla sijaingia zamu. Mimi huwa naenda na timu ya macho. Watu wengi wakipita miaka 40 macho ya karibu yanapungua, kwa wengi siyo ugonjwa, ni umri tu, na miwani ya kawaida ya kusomea inamaliza shida. Tulimvisha mzee mmoja fundi cherehani, alikuwa ameshaacha kazi maana haoni tundu la sindano. Nikampa sindano na uzi ajaribu. Akatunga uzi. Akauchomoa. Akatunga tena. Akauchomoa tena, mara ya tatu akatunga akaniangalia akaanza kulia, na mimi nikalia, na nyuma kuna foleni ndefu.

Kwa hiyo kaka usiione aibu furaha yako. Ninachoomba tu kwa wote wanaotaka kwenda, fanyeni kile mnachokijua. Nimewahi kuona kijana wa kujitolea ambaye hajasomea anachoma sindano watoto kwa sababu tu pale hakuna wa kumuuliza, na dawa zilizopitwa na muda zinaletwa kama zawadi. Kama kwenu huruhusiwi kukifanya usikifanye kule. Kijiji siyo mahali pa kujifunzia kwenye mwili wa mtu.

---

mtembea_peku

Nimesoma kila mlichoandika mara mbili, asanteni sana. binti_wa_bondeni hilo la kwamba alinipa kamba ili tuwe sawa limenituliza kabisa, nimeitoa kabatini leo nimefungia mzigo kwenye baiskeli. jiwe_la_pembeni hesabu nimefanya, ni kweli nusu yetu tungeweza kubaki na hela ikaenda kwenye simenti, mara ya pili tutaenda wanne tu wenye mikono na hiyo tofauti tutanunua vipuri na vifaa tuviache kule.

fundi_koki, jana nimempigia mwenyekiti wa kamati ya maji. Mwanzoni alidhani napiga kuaga upya. Nikamuuliza kama kuna anayepima, kumbe wanapima! Yule dada aliyenifunga mkono ndo anapima na anaandika. Siku tunaondoka lita 20 zilikuwa zinajaa kwa sekunde 38, juzi amepata 55. Nimeshtuka kidogo. Ni kawaida au kuna kitu tumekosea?

---

fundi_koki

Usishtuke. Kwanza muulize mvua ziliisha lini, kama ni kiangazi maji kupungua ni kawaida na yatarudi. Kama siyo kiangazi mwambie yule dada azunguke ukuta pande zote aangalie kama kuna sehemu mpya yenye unyevu au nyasi zimekuwa kijani ghafla, hapo maji yatakuwa yametafuta njia nyingine. Na mwambie wasije wakaziba bomba hata siku moja kwa nia ya kuyahifadhi, maji yakizuiwa yanarudi nyuma, jicho linaweza kuhama na lisirudi tena. Apime tena kesho asubuhi na jioni, mara tatu tatu, aandike zote, alafu uniletee hizo namba hapa.

---

mtembea_peku

Sawa mkuu. Nimeshamtumia ujumbe. Kanijibu kwamba atapima pamoja na bibi, bibi ndo anahesabu kwa sauti na yeye anatega dumu.